Tembo Hakupita Stesheni ya Kilosa

Mpwa wangu Foibe,

Barua hii naiandika kwa mkono kwenye daftari la shule, mimi niliyeishia darasa la tano kwa sababu mwalimu aliona nimeshamaliza kila alichokuwa nacho. Nimekaa kibandani hapa Mikumi, mgongo umeegemea gunia la vitunguu vya kwetu Lumuma. Malori yanapita, madereva wananipigia honi, maana barabara hii yote wananijua tangu siku ile nilipomwambia tembo dume alipishe lori la saruji, naye akalipisha na kunipungia sikio. Nikimaliza kuandika nitaipiga picha niiweke kwenye kundi letu la mchezo, kijiji kizima kiisome pamoja nawe. Sababu utaiona mbele.

Nakumbuka ulivyokuja. Ulikuwa umemaliza chuo cha uuguzi, unasubiri kupangiwa kituo, na mama yako akaona bora usubirie kwangu, kwa kuwa mke wangu alikuwa amefariki na nyumba imekuwa kubwa. Jumapili ukitoka kanisani unakaa uani na simu, unagombana na watu nisiowaona. "Umemla wewe, usijitetee." Nikasema basi, mtoto wa dada yangu kapatwa na jambo.

Ukanielekeza. "Ni mchezo, Mjomba, Fisi na Kijiji. Tupo kumi na tano kwenye simu, wengine hatujawahi kuonana. Wawili wanaambiwa kwa siri kwamba wao ndio fisi. Usiku fisi wanakula mtu. Mchana tunabishana, tunapiga kura, tunamfukuza tunayemshuku."

"Usiku gani, na jua hili la saa tisa?"

"Usiku wa mchezo, Mjomba. Kazi ni kudanganya usijulikane."

Nikacheka. Nikakwambia, mama, hiyo kazi nimeianza kabla hujazaliwa, niingize humo niwafundishe.

Siku ya kwanza nililiwa kabla sijakohoa. Salma, yule fundi cherehani wa Morogoro anayeendesha mchezo, akatangaza kwamba mjomba wa Mikumi ameliwa, na aliyekufa hasemi neno. Sawa, nikanyamaza kama maiti. Mara Petro bodaboda wa Chanzuru akaingia kwa kuchelewa: "Samahani, nilikuwa na abiria. Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, hujambo?" nikajibu.

"Marehemu, nyamaza," Salma akasema.

"Nimekufa, sijakosa adabu," nikamwambia. "Shikamoo ya mtoto wa watu siwezi kuiacha inaning'inia."

Mchezo ulisimama. Watu walicheka mpaka simu zikakwaruza, na wewe ulikuwa umejilaza kwenye mkeka unashika mbavu. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba shikamoo zote zimalizwe kabla fisi hawajatoka. Nani mwingine nchi hii ametungiwa sheria kwa kufa vibaya?

Jumapili iliyofuata nikawa fisi. Nikaulizwa nilikuwa wapi usiku. Nikajieleza vizuri kabisa: nilikuwa shambani nambembeleza tembo jike aliyechoka, amenilalia mguu, nisingeweza kutoka kwenda kumla mtu. Nikasikia sauti yako, tulivu kama ya hakimu: "Mfukuzeni Mjomba. Mjomba akidanganya, lazima tembo apite."

Kura kumi na nne. Hata fisi mwenzangu alinipigia.

"Kumbe hata yule wa lori la saruji?" Petro akauliza, kwa huzuni ya kweli.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kila mtu ana mlango wake unapotokea uongo. Petro anakohoa. Akiwa fisi, kikohozi kinamtangulia kama honi ya pikipiki yake, ndiyo maana hajawahi kushinda. Nikaanza kusikiliza watu kwa namna hiyo, na nikawa hatari. Sasa sitii chumvi: kuna Jumapili niliwatoa fisi wote wawili kabla chai haijapoa.

Na mlango wako niliupata. Asubuhi moja uliniamkia shikamoo chumbani, nikaitikia. Ukapita jikoni, ukarudi, ukaniamkia tena. Shikamoo mbili asubuhi moja, kwa mtoto aliyelelewa na dada yangu? Nikaweka kikombe chini.

"Foibe, leo nakupigia kura wewe. Toa unachoficha."

Ukatoa karatasi chini ya sinia la mchele. Ulikuwa umepangiwa kituo Kigoma, na karatasi ilikuwa imefichwa pale siku nane.

"Siendi," ukasema. "Utabaki na nani?"

Hatukubishana sana, ila tulibishana kila siku, mpaka nikakusindikiza Kilosa na sanduku lako. Pale stesheni watu walikuwa wanapandisha ndizi na magodoro, na wewe umesimama mbele ya behewa hutaki kupanda. Ukanishika mkono wa shati.

"Mjomba, utakuwa sawa?"

"Nitakuwa sawa."

Ukaniangalia usoni, unasubiri. Nilijua unachosubiri. Ulikuwa unamsubiri tembo. Hakupita. Ukashusha pumzi, ukapanda treni.

Sasa leo nakiri mbele ya kijiji: siku ile fisi nilikuwa mimi. Nilirudi Mikumi nikapika ugali wa watu wawili wiki baada ya wiki, kila siku nasahau. Jumapili tatu simu ilikuwa inaita, sikupokea. Nilikuwa nageuza vitunguu tu, kana kwamba upande wa pili vina habari.

Jumapili ya nne pikipiki ikasimama kibandani. Akashuka kijana mrefu, kofia ngumu mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Sikumjua mpaka alipofungua mdomo.

"Shikamoo Mjomba. Nimetumwa na kijiji nije niangalie kama umeliwa."

"Marahaba," nikasema, nikamsogezea kiti. Tulikula ule ugali wa watu wawili. Ulitosha sawasawa.

Tangu hapo Petro huja akipata abiria wa huku, na Jumapili kibanda kinajaa. Akina mama wa vitunguu wamejifunza mchezo, na mmoja wao anadanganya kwa uso mkavu hata wewe usingempata. Salma ameniachia niendeshe mimi, kwa sababu, anasema, nikicheza nafukuzwa hata nisipokuwa na kosa. Nawatangazia marehemu wangu kwa heshima, na shikamoo zao naitikia.

Juzi mama yako amenipigia kutoka Lumuma. Kasema umeandika barua ya kuomba uhamisho urudi huku kwa sababu unanionea huruma, ila bado hujaipeleka. Kasema pia wodi ya wazazi huko mko wauguzi wawili tu, na kwamba unaipenda kazi kuliko unavyokubali. Foibe, mwanangu, usiipeleke barua hiyo kwa ajili yangu. Niko sawa. Namkumbuka mke wangu, nakukumbuka wewe, na niko sawa.

Najua utakavyosema: hata stesheni ulisema hivyo hivyo, na tembo hakupita. Ni kweli. Nimejiharibia mwenyewe, sina tena namna ya kuaminika. Kwa hiyo sikuombi uniamini mimi. Ndiyo maana nawapa kijiji barua hii. Nilishawauliza swali moja tu kabla sijaanza kuandika: Mjomba yuko sawa, au ni fisi? Kura zimeshapigwa, imebaki yako.

Chini ya picha ya barua utakuta sauti ya Petro. Nimemwambia aseme alichokiona hapa kwangu, basi, asiongeze. Ni fupi. Keti mahali pasipo kelele, uisikilize mpaka mwisho. Akikohoa hata mara moja, panda treni, nitakupokea Kilosa. Asipokohoa, vaa sare yako nyeupe, nenda kazini, wapo wanaokusubiri kuzaliwa.

Ubaki na amani huko ziwani, mama. Shikamoo yako ya leo nimeshaiitikia. Moja inatosha.

Ni mimi mjomba wako, marehemu wa Mikumi anayeitikia.