Kitabu Kilichoshonwa

Handeni mjini,
9 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mguu umepungua kuvimba. Huku hatujambo, ila vumbi tu. Mvua inatuzunguka kwa mbali. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, tunaishia kupigiana kelele, na jambo hili si la kupigiana kelele.

Lile ghala la mahindi la karibu na soko wameligeuza kuwa jumba la makumbusho. Mwezi ujao wataweka maonyesho ya vitabu vilivyogeuzwa sanamu, na kazi zangu zimekubaliwa. Ukiingia hutakuta picha ukutani. Utakuta vitabu juu ya meza. Kimoja kurasa zake nimezikunja moja moja mpaka kimesimama kama mkonge shambani. Kingine nimekichonga kwa wembe. Ukichungulia ndani unaona bonde na mto unaopinda, kama Pangani pale Hale. Kimoja sikukikata wala kukikunja, nimekishona tu pande zote kwa uzi wa katani, hakifunguki.

Vyote ni vile vitabu vyako vya kisomo, vya kwenye sanduku ulilonipa mwaka juzi. Ningependa uvione kabla ya mtu mwingine. Nitakufuata Korogwe mwenyewe.

Mwanao,
Shamsia


Kwamndolwa, Korogwe,
21 Machi 2024

Mwanangu Shamsia,

Marahaba. Mimi mzima, mguu ni ule ule. Wajukuu zangu wasalimie. Barua yako Awadhi wa basi la Handeni aliniletea hadi mlangoni.

Sanduku nilikupa kwa sababu mchwa walishafika kwenye miguu ya kitanda. Nilifikiri utavisoma vitabu, au utampa mtu avisome. Wembe sikuufikiria.

Wakati ule ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo nikueleze. Nilipopangiwa kufundisha watu wazima kule Ngombezi, wakata mkonge walikuja darasani jioni wakitoka shambani, mikono ina utomvu na michomo ya miiba. Kitabu kimoja kilikuwa cha watu watatu. Niliweka ndoo ya maji mlangoni kwa ajili ya kunywa, wao wakaanza kunawia. Sikuwaamuru. Hakuna aliyegusa kitabu kabla ya kunawa, na kuna mmoja, akishafunua ukurasa, alikuwa anaweka mikono mgongoni asije akauchafua. Hivyo ndivyo vitabu ulivyochonga bonde.

Sina hasira. Nakwambia tu kwamba sitakuja.

Mama yako,
Mwaija


Handeni,
27 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba mvua hazijakuharibia paa la jikoni. Wajukuu zako wanakusalimu.

Nimekawia kujibu, unisamehe. Maonyesho yamefunguliwa. Watu wanakuja, si wengi, lakini wanakuja. Juzi aliingia mama muuza mboga, akaubwaga mzigo wake mlangoni, akainama kwenye ule mkonge wa karatasi na kuanza kusoma silabi kwa sauti, jani baada ya jani. Alipomaliza akaniuliza hivi vitabu vilikuwa vya nani. Nikamwambia ni vya mama yangu.

Tangu nipate akili, mama, sijawahi kumwona mtu akivifungua vile vitabu. Wewe mwenyewe ulikuwa unapangusa sanduku, unalirudisha chini ya kitanda. Sikatai kwamba nimevikata. Nasema tu kwamba sasa watu wanaviinamia.

Maonyesho yatakuwepo hadi mwisho wa Julai.

Mwanao,
Shamsia


Kwamndolwa,
30 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo.

Nilikuja. Ilikuwa Jumatano, na nikarudi siku hiyo hiyo. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kutazama bila wewe kunitazama usoni.

Nilifuatana na Mzee Hiza wa Ngombezi, yule anayetuletea machungwa kila Idi. Alikuwa mwanafunzi wangu katika darasa la kwanza kabisa. Nilimwambia habari zako, akasema anataka kwenda kuona kitabu chake kimefanywa nini.

Ule mkonge ni mzuri. Nilikaa hapo kitambo. Umekunja hivi kwamba silabi zimebaki kwenye ncha za majani, na ncha ndizo zilizokuwa zinawachoma wale watu. Sijui kama ulikusudia. Lile bonde sikulipenda, lakini niliutambua mto.

Mzee Hiza alivipita hivyo vyote, akaenda kusimama kwenye kile ulichokishona. Akamwomba mlinzi amfungulie. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akamweleza kwamba vitu vya pale vinatazamwa, havishikwi. Hiza akamjibu kwamba mikono ameshanawa. Ndipo Hiza akanigeukia.

"Mwalimu, mkonge nilikata nipate kula. Kitabu nilisoma nisidanganywe. Mwanao amekifunga kitabu kwa mkonge."

Tukapanda basi kurudi Korogwe. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno hayo.

Hivyo vilivyokatwa vimeshakatwa. Hicho kimoja kifungue.

Mama yako,
Mwaija


Handeni,
10 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini safari haikukuumiza mguu. Mlinzi alinisimulia habari za wazee wawili waliotaka kufungua kitabu, tukacheka. Sikujua ni nyinyi. Ningejua nisingecheka.

Ule mkonge nilikusudia.

Kile kilichoshonwa si cha walioingia darasani. Nilipokuwa mdogo ulinisimulia kwamba kulikuwa na wanawake wa kambi ya wakata mkonge waliokuwa wanasimama dirishani na watoto mgongoni. Wanaume wakishafungua vitabu, wao wanaondoka kwenda kupika. Wewe uliyasema hayo kwa kupita, ukaendelea na mengine. Mimi hayakunitoka. Nimekishona kwa ajili yao, maana kwao kitabu kilikuwa hivyo hivyo, wanakiona na hakifunguki.

Kwa hiyo sitakifungua, mama. Naomba umweleze Mzee Hiza kwa heshima zote.

Mwanao,
Shamsia


Kwamndolwa,
28 Julai 2024

Mwanangu Shamsia,

Nakusalimu. Mimi mzima.

Barua yako nilikwenda nayo Ngombezi, nikamsomea Mzee Hiza uani kwake. Mkewe, Zuena, alikuwa pembeni anaambua kunde. Nikafika kwenye habari za dirishani. Aliyejibu ni Zuena, tena bila kuinua kichwa.

"Mimi nilikuwa mmoja wao. Jalada lake nalikumbuka hadi leo. Ndani sijui kuna nini."

Tukamaliza kunde pamoja, nikaaga.

Haikupita wiki Zuena akaja kwangu peke yake kwa bodaboda. Akasema anataka kujua ndani kuna nini. Nikaazima kitabu cha darasa la kwanza kwa jirani, tukaanza. Siku ya pili akakisukuma. Alisema habari za paka na mpira si za umri wake, anataka kile walichosoma wenzake. Nilimwambia hakipo. Akaniambia kipo Handeni.

Shamsia, vingine vyote umevikata au umevikunja. Kizima kimebaki hicho kimoja, na kimebaki kizima kwa sababu ulikishona. Hilo nimeliona na nalikubali. Sikuombi kwa ajili ya Hiza, wala kwa ajili yangu. Anayekuja kwangu kila asubuhi na kukaa kwenye mkeka ni mtu wa dirishani.

Mama yako,
Mwaija


Handeni,
3 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo yangu umfikishie Bibi Zuena.

Maonyesho yalifungwa Jumatano. Wenye jumba wanataka kazi zote ziende Dar es Salaam. Nimewaambia moja haiendi. Waliniuliza waandike nini kwenye nafasi yake, nikawaambia waiache wazi.

Uzi nimeukata asubuhi hii, fundo moja baada ya jingine, nikiogopa karatasi zitachanika kwa uzee. Hazikuchanika. Kitabu nampa Awadhi pamoja na barua hii, akukabidhi mkononi. Mwambie bibi asishtuke akiona matundu ya sindano. Yapo pembeni tu. Hakuna herufi iliyoguswa.

Mwanao,
Shamsia