Niliponyanganya Fimbo ya Biyari mu Mikono ya Mujomba

Mama Victoire wa radio, ninakuandikia, unisaidiye haraka, juu tangu juma iliyopita moyo yangu inapiga sawa vile moteri yenye kukosa mafuta, na hapa Kasongo hakuna mutu ninaweza kumwambia bila anicheke. Mi ni Christophe, masomo niliachia chini kabisa, kuongea mbele ya watu sijui, kazi yangu ni kulinda meza ya biyari kwa Yaya Dady, ninapanga mipira, ninapanguza kitambaa, na wengine wakicheza mi ninakaa kwa benchi ninaangalia. Kuangalia njo kitu ninajua.

Sasa, Mama, kuko fimbo moja ya biyari. Ilikuwa ya Faradji, mwenye kununua zahabu kule Salamabila, na alipotaka kurudi kwao akanipa, akasema, «Petit, wewe peke yako njo unapanguzaka mikono mbele ya kuishika, ibaki kwako.» Ni fimbo ya zamani ya izine, ya kiwanda, walitengeneza nyingi za namna moja, haiko ya fundi mumoja mwenye kuchonga kwake nyumbani, na njo ile inanishangaza, juu masini haina macho, lakini ule mutu aliyesimama pale kwa masini alikuwa nayo. Fasi ya kushikia kuko mbao mweusi na mbao mweupe, na ile mweusi inapanda ndani ya mweupe kwa ncha ine zenye kuchongoka sawa vile mukuki, zote zinaishia fasi moja, hakuna moja inapita mwenzake, na kwa pembeni ya kila ncha kuko mistari ya kijani na ya machungwa, mi nilizani wamepakaa rangi, nikakwaruza na kucha, hapana, ni mbao tu, nyembamba sawa karatasi, wamezilalisha katikati. Ukipitisha kucha pale mbao inakutana na mbao, kucha haisimame. Chini wamezungushia uzi yenye madoa madoa, wakaikandamiza mpaka ikakuwa laini sawa ngozi, mi ninatafuta mwisho ya ile uzi mpaka leo, siioni. Katikati inafunguka kwa visi ya shaba, unaizungusha inakuwa vipande viwili, na ukiifunga tena alafu ukailaza kwa meza ukaisukuma, inaviringika kimya, haichezecheze. Ninajiulizaka ni nani alikaa kule izine akakataa kuacha hata kanafasi kadogo, kwa fimbo ambayo watashika watu wa kulewa.

Muchumba wangu ni Dieudonnée, wa Kabambare. Siku ya kupeleka mali ya ndoa tulienda na piki-piki, mi na baba mudogo Michel, musemaji wangu, mbuzi ya mali tumeifunga nyuma, na fimbo nilikuwa nayo mugongoni, juu nikiiacha nyumbani wadogo wangu wanachokolea nayo mapapai. Tulipofika bukwe, kwao Dieudonnée, nikaifunga visi ili shemeki, kaka yake, aione, nikailaza kwa mukeka. Pale mujomba Amisi, mujomba wa Dieudonnée, muzee mwenye muguu mubaya, akaiona. Akaiinua, akaigeuza, akaileta karibu na macho. Na Mama, kwao mujomba wa binti ana haki ya kuchagua kitu kimoja mu mikono ya wageni, na mwenye kuoa siku ile hafungue kinywa, musemaji peke yake njo anaongea.

Mujomba akasema, «Mbuzi ni ya baba yake. Mi ninataka hii.»

Baba mudogo Michel hata hakuniangalia. «Eh, mukwe! Si fimbo tu? Chukuwa, chukuwa!»

Wamama wakapiga vigelegele, mi nikameza mate, nikasema ndani ya moyo, sawa, ataiweka kwa ukuta, nitakuwa ninaiona nikienda kusalimia.

Juma iliyopita njo nilienda kusalimia. Mujomba akatoka nyumbani, to, to, to, anaitembelea sawa mukongojo. Mama, alikuwa ameikata! Ameikata mbele na musumeno, na kwa mwisho amepigilia kipande ya pneu, mupira ya gurudumu ya piki-piki, na misumari, misumari, na matope imepanda juu. Akanichekea na furaha, akasema, «Mukwe, unaona? Ilikuwa ndefu ya bure, nimeirekebisha.»

Sijui ni nini iliniingia, mi mwenye hata kuku sifukuzake, nilishitukia niko nayo mu mikono, nimeinyanganya, na mujomba amekaa chini mu vumbi, kofia yake imeviringika mpaka kwa mafiga. Mama-mukwe aliweka tu mukono kwa kinywa. Nikapanda piki-piki, nikakimbia nayo.

Sasa baba mudogo Michel amepata habari kutoka Kabambare, wanasema kwao ukichukua tena kitu ya mujomba umechukua tena mali yote, wanasema, «Kijana amevunja ndoa yeye mwenyewe, sisi hatukumufukuza.» Mi nilijua wapi ile sheria? Na Dieudonnée akapiga simu, akasema, «Christophe, unataka mi ao unataka kijiti?» Na mi nikanyamaza, Mama. Nilikuwa ninatafuta maneno. Fimbo ilikuwa kwa magoti yangu. Akakata.

Nikiirudisha, itaoza mu matope. Nikiikatalia, ninamupoteza Dieudonnée. Mi mwenyewe ninajishangaa juu bado niko ninafikiri. Nifanye nini?

Christophe, Kasongo

*

Christophe mwanangu,

Barua yako niliisoma mbele ya teknisyen wetu, na tukabaki sote wawili midomo wazi. Si juu ya musumeno. Juu yako wewe! Umeangusha muzee mwenye muguu mubaya mbele ya mulango wake, mama-mukwe akiangalia, alafu binti anakuuliza neno la wazi na wewe unanyamaza, na kijiti umekipakata sawa mutoto. Mimi ningekuwa Dieudonnée, ningekata simu mapema zaidi.

Pole ninakupa, tena ya kweli. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si ujinga. Wangapi wameshika ile fimbo kwa Yaya Dady, chupa mukono wa pili, na hakuna hata mumoja aliona kama ncha zote zinaishia fasi moja? Wewe uliona. Kukutana nayo imekatwa, na pneu imepigiliwa, ninaelewa kwa nini roho ilikuruka.

Lakini wewe unayejua kuangalia, mbona hapo hukuangalia? Siku ya mali, mujomba Amisi angeweza kuomba hata piki-piki iliyowaleta. Akaomba fimbo. Akaileta karibu na macho, ni wewe umeandika. Kwa hiyo zile ncha aliziona, sawa na wewe. Na alipochukua musumeno, alikata wapi? Mbele, kwenye mbao tupu. Uzi hakuugusa. Mistari hakuigusa. Meza ya biyari hajui, na hakuna mutu alimwambia kama ule urefu una kazi yake. Ile desturi ilikufunga kinywa siku moja tu. Siku zingine zote ulijifunga wewe mwenyewe, ukimeza mate na kungoja watu wasome mawazo yako.

Haya, sikiliza, na usinijibu.

Ukishamaliza kusikia hii emisyo ya radio, piga simu kwa Dieudonnée. Usimueleze habari ya mbao wala ya shaba. Mwambie, «Nilikosa, ni wewe ninataka.» Akikata, piga tena. Akitukana, sikiliza mpaka mwisho, anayo haki.

Alafu muende Kabambare, wewe na baba mudogo wako Michel. Asikatae: yeye njo alitoa kitu bila kukuuliza, acha na yeye aone haya kidogo. Kamateni jogoo ya kuombea musamaha. Ile fimbo ipanguze matope, basi. Usitoe hata musumari moja, si yako. Ukifika usiende kwa kiti. Kaa chini mu vumbi, palepale muzee aliangukia, na umutolee fimbo yake kwa mikono miwili. Akikuacha pale jua likuchome, likuchome. Baba mudogo atasema maneno ya musamaha, na wewe utasema neno moja: «Mujomba, nisamehe.» Hilo usimwachie musemaji.

Akikuinua, hapo fungua kinywa, hata kama sauti inatetemeka. Muombe ruhusa, ufungue ile visi mbele yake. Mimi ninaona kama hajui hata kama inafunguka. Kamata kidole chake ukipitishe pale mbao inakutana na mbao. Mwambie vile ulituambia sisi, bila kuruka kitu. Kisha umuulize, kwa heshima, kama atakubali seremala aichongee fimbo muguu mwingine wa mbao ngumu, wenye kuingia kwa visi ileile, ili pneu na misumari itoke. Akikubali, gharama na kazi ni yako. Akikataa, umwambie asante, urudi Kasongo, na fimbo ikanyage matope ya Kabambare mpaka iishe. Ni yake. Alipewa mbele ya watu.

Yule fundi wa izine unayemuwaza alimaliza kazi yake zamani, na aliimaliza vizuri. Hakuombi kitu. Dieudonnée njo anakuomba jibu, na hatangoja mpaka umalize kutafuta maneno. Toa hiyo fimbo kwa magoti. Kamata telefone.

Mama Victoire