Sufuria ya watu wawili

Mujukuu wangu Neema,

Huku Goma tuko wazima, na mama yako bado anakataza watu kukalia kiti chako. Umeuliza namna ya kugawa pesa yako huko ugenini.

Wakati wa vita nilivuka mupaka wa Bunagana, nikaingia Uganda. Pesa yote nilinunua gunia ya maharagi, nikajiona mwenye akili. Kumbe kule maji wanauzisha! Mimi, mwenye nimezoea kuchota bure ziwani, sikuwaza hiyo. Nikakaa juu ya gunia na njaa yangu. Jirani mumoja akaleta bidoni ya maji: "Mama, toa maharagi, tupike."

Basi andika kwanza vitu vyenye huku kwetu unapata bure, huko pengine utavilipa. Halafu nunua sufuria ya kutosha watu wawili.

Koko wako