Aliyeshika Kamera Ni Mimi

Jumapili, Julai. Huku kwetu Waithaka hatujaona jua tangu Alhamisi, nguo zimekataa kukauka, na mimi nina hasira tangu jana mchana hadi taya zinaniuma.

Wacha niandike kabla sijavunja kitu.

Jana tulikuwa kwa kina Kevo, Parklands, kutazama filamu yetu. Ni filamu ya kujitengenezea tu: miezi mitano ya bendi yetu ikirekodi albamu ya roki ndani ya stoo ya baba yangu ya chakula cha ng'ombe, magodoro yameegemezwa ukutani ili majirani wasilalamike. Kevo ndiye mwimbaji na mpiga gitaa. Mimi sipigi chochote. Nilishika kamera.

Basi ikafika pale Kevo anapoeleza alivyopata wimbo wa mwisho, ule ambao kila mtu anaupenda. "Ilinijia tu nikioga," anasema, na kutabasamu kama bwana harusi. Sebule nzima ikapiga makofi.

Ule wimbo ni wangu.

Kiitikio chote, maneno na tuni, nilikiimba mimi nyuma ya kamera, siku stima ilipopotea, taa zikazimika, tukawa tunangoja irudi. Kevo aliacha mandazi, akaokota gitaa, akaniambia nirudie. Nilirudia mara tatu. Kwenye filamu siku hiyo ipo: Kevo ameinamia nyuzi, anatazama kamera, anatikisa kichwa. Unaweza kuapa anatunga. Sauti yangu haipo, pamewekwa muziki.

Nilimfuata jikoni nikamuuliza. Hakuona haya hata kidogo.

"Si ulikuwa unahum tu puani, Wambo? Ngoma ni yangu."

Kisha akanipa sahani ya sambusa niwapelekee wageni. Nami nikapeleka, mjinga mimi.

Leo nimempigia Abdalla, fundi wa video za harusi kule mjini, ambaye ndiye aliyetuunganishia filamu. Nimemfokea kwa nini alinifuta. Ni mtu mpole wa Mombasa, akaningoja nimalize.

"Lakini dada yangu, ni wewe uliyenambia niitoe. Ulisema sauti yako yaudhi."

Ni kweli.

Nilikaa kando yake siku nzima nikimwamrisha aondoe kila mahali ninaposikika. Niliona aibu. Nilidhani mtu wa kamera hatakiwi kuwepo.

Na lile la kuoga? Nani alimuuliza Kevo swali? Mimi. Nani alikuwa ameshika kamera akidanganywa mchana kweupe? Mimi. Tena sikunyamaza tu, nilivuta picha hadi uso wake ukaijaza, ili apendeze.

Nimejichukia leo kuliko nilivyomchukia yeye, na yeye nimemchukia sana.

Kanda zote ziko chini ya kitanda changu, kwenye katoni ya sabuni. Nimetoka kusikiliza ile ya siku ya stima. Naimba vibaya. Nasahau mstari, nacheka, naanza upya. Halafu Kevo, wazi kabisa: "Rudia hiyo niishike."

Nakala za kuuza zitaanza kutolewa Jumatano. Kesho asubuhi niko mlangoni kwa Abdalla na kanda mkononi. Atanirudisha kwenye filamu, pote, hata ninapokohoa.

Lile la kuoga silitoi. Litafuata papo hapo, mara tu nikimaliza kuimba, uso wa Kevo umeijaza picha vile vile nilivyompiga.