Mlenda Wako Umefika Prague

Mama Esta,

Kwa heshima na taadhima, naomba kukutaarifu kwamba mlenda wako umefika Ulaya salama salimini. Ni ule uliouanika mwenyewe, ukautwanga, ukaufunga kwenye mfuko na kututangazia kwamba asiuguse mtu, ni wa Esta. Pale uwanja wa ndege wa Prague askari wa forodha aliufungua, akaunusa, akamwita mwenzake, naye akanusa. Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba ni mboga. Wakautazama ule unga wa kijani, wakanitazama mimi ndani ya lile koti la mnadani, nadhani wakanihurumia. Nikapita. Na koti, kweli, ni la kike. Ulisema nikabisha. Umeshinda, mke wangu.

Basi ile safari ya Krismasi tuliyopanga kwenda wawili kumwona mtoto chuoni kwake, nimeenda peke yangu.

Mji ule ni mzee. Majumba ya mawe, vichochoro, daraja lenye masanamu ya watakatifu huku na huku, wote wamelaliwa na theluji mabegani kama wamemwagiwa unga. Mimi mwalimu wa jiografia nimefundisha theluji tangu ujana wangu, lakini nilipoikanyaga mara ya kwanza nilianguka chali mbele ya kanisa. Bibi mmoja akaniinua. Krismasi wao hula samaki, na humnunua akiwa hai. Mama mwenye nyumba alikopanga Esta alimfuga wake kwenye beseni la kuogea. Sasa mimi mtu wa Chemba, niliyekua na mbuzi, naingia kuoga nakuta mwenyeji ananikodolea macho. Nikarudi nikamwambia Esta sijachafuka sana.

Hayo ndiyo niliyowasimulia majirani hapa Ipagala. Wamecheka, wamepokezana picha, wamesema, "Baba Esta, umekula Krismasi ya wazungu wewe." Nimecheka nao. Lakini wewe siwezi kukusimulia hivyo.

Nilimkuta mtoto kashusha godoro chini. Tangu apate habari zako alikuwa analala sakafuni, kama tulivyolala sisi huku msibani. Yule mama mwenye nyumba alidhani kitanda kimevunjika, akaja na nyundo kukitengeneza. Esta akashindwa kumweleza, akamwacha akigongegonge kitanda kizima mpaka aridhike. Ndivyo alivyokulilia mwanao, Mama Esta. Hakuna wa kumpikia uji, hakuna wa kumshika mkono akamwambia pole. Nikavua viatu nikakaa naye chini. Nikawa mimi ndiye mashangazi, mimi ndiye majirani, mimi ndiye kwaya. Na unajua ninavyoimba.

Mkesha wa Krismasi nikasema nipike mlenda. Miaka yote nimekuona ukipika, kumbe nilikuwa naangalia sufuria tu, mkono wako sikuutazama. Nikamwaga unga wote kwa mkupuo. Ukafanya mabonge. Esta akamega ugali, akachovya, akala tonge mbili. Kisha akauliza, "Baba, mama aliugua muda mrefu?"

Nikasema, kiasi.

"Nani alisema nisiambiwe?"

Unamjua aliyesema. Ulinishika mkono wa shati pale wodini: "Baba Esta, mtoto asiambiwe mpaka amalize mitihani. Ukimwambia nitajua." Nami nikakubali, maana kwetu ndivyo ilivyo. Nani humtupia mtoto habari mbaya akiwa kwenye mitihani? Tulidhani utasubiri. Tulidhani atamaliza, atapanda ndege, atakukuta umekaa uani. Wewe ukatangulia, mitihani ikabaki.

Kengele za makanisa zilikuwa zinalia mji mzima. Nilitazama bakuli. Nikisema ni wewe, atakukasirikia ukiwa kaburini. Nikinyamaza, atajua.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka tonge chini, akanawa, akasema, "Baba, mtihani ungerudiwa." Basi. Jibu la hilo lilikuwa lako.

Siku zilizofuata alinitembeza vizuri tu, kama mgeni. Hili daraja, hii ngome, Baba simama hapo nikupige. Majirani hawajagundua kwamba kwenye picha zote niko peke yangu. Uwanja wa ndege alinipa mkono, akasema, "Safari njema, Baba, uwasalimie." Nilitaka kumkumbatia, foleni ikasogea. Siku hizi nikimwandikia, ananijibu, "Nimekula, Baba." Hata sijamuuliza kama amekula.

Sijui nifanye nini, Mama Esta. Kila mara nilipokuwa sijui, nilikuuliza wewe.

Lala, mke wangu. Ninakuahidi hili moja ninaloliweza: sitamwambia. Akinikasirikia mimi, ipo siku atanipigia simu, tutagombana, huenda tukayamaliza. Akikukasirikia wewe, atagombana na nani?

Mimi wako,
Baba Esta