Asiyeaga Hajaondoka

Conamara, 3 Mei 1957

Mama mpendwa,

Sijui wewe na kile kikohozi mmeshaachana au bado mnaishi pamoja. Mimi mwanao sina hata chafya.

Nimefika kwa Bibi. Yale maneno uliyonifundisha kituoni hayakunishinda. Nilisimama mlangoni nikasema “Dia dhuit”, Mungu awe nawe, kwa sauti ya askofu. Bibi akanirudishia salamu kwa kumwongeza Maria baada ya Mungu, kama ulivyosema, akanimiminia chai. Kiingereza hakijui, na Kiairishi changu kinaishia mlangoni, kwa hiyo Mjomba Colm ndiye mkalimani wetu. Walimu wa Dublin walishindwa nami, lakini hapa nitakuwa profesa kabla viazi havijachimbwa.

Jana farasi wa Bibi alizaa. Nikawa wa kwanza kumsifu mtoto, kwa Kiairishi nilichoazima kwa Mjomba: mzuri, mzuri kupita kiasi, miguu ya mcheza dansi. Majirani wote wakanyamaza, nadhani kwa kuistaajabia lafudhi yangu.

Ile shughuli uliyonituma, ya kumwomba Bibi akuruhusu kukanyaga tena nyumbani, niachie mimi.

Mwanao,
Fiachra

Dublin, 7 Mei

Fiachra mwanangu,

Kikohozi kipo, usikijali. Barua yako nimeisoma nimesimama, na sijakaa mpaka sasa.

Ulipomsifu yule mtoto wa farasi, ulisema “bail ó Dhia air”? Baraka ya Mungu iwe juu yake? Nilikwambia kituoni, wewe unachezea kofia. Huko kiumbe hakisifiwi kikavu. Anayesifu bila baraka ana kijicho, na mnyama akiugua wanajua wa kumtazama. Tena wewe ni wangu mimi, niliyemfuata baba yako bila kuwaambia hata “slán”, kwaheri. Watasema ndivyo tulivyo.

Nijibu upesi. Mtoto wa farasi ananyonya?

Mama yako

Dublin, 15 Mei

Mwanangu,

Salamu, ingawa za kwanza hukuzijibu. Tarishi akikaribia napangusa dirisha ambalo ni safi. Baba yako anasema kimya chako ni uvivu tu. Mimi nawajua watu wangu.

Kama mnyama anaumwa, usingoje kuombwa, hawatakuomba. Nenda mbele yao wote, mtemee mate kidogo, useme baraka mara tatu. Na usicheke, Fiachra. Ukifukuzwa wewe, mimi sina mlango tena.

Mama yako

Conamara, 20 Mei

Mama,

Natumai dirisha limepumzika. Mimi ni mzima, ila majivuno yangu ndiyo yaliyoshikwa na homa.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kujisifia. Siku ile ile niliyotuma barua, mtoto wa farasi alikataa kunyonya, akalala. Nikipita na “Dia dhuit” yangu, majirani wanatazama viatu. Bibi alikuwa ananiwekea viazi bila kunitazama, na Mjomba alikuwa ameshaulizia basi la kunirudisha.

Barua yako ya pili ikafika. Nikaenda zizini mbele ya wote, nikatema, nikasema maneno. Sauti ya askofu ilikataa kutoka. Ilitoka ya kifaranga. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Bibi akauliza nani kanifundisha. Nikasema, mama yangu. Akachukua majani makavu, akanipa mgongo, akawa anamsugua yule mnyama mpaka nikatamani anitukane.

Jioni mtoto akasimama, akanyonya. Mjomba anasema ni ile chupa ya maziwa ya moto aliyokuwa akimnywesha siku zote hizo. Simbishii, ila mate yalikuwa yangu.

Leo Bibi kaniita nichukue kalamu, Mjomba akafasiri. Naandika kama alivyosema:

“Mwambie hakutuaga. Asiyeaga hajaondoka. Aje ambariki mtoto wa farasi kwa kinywa chake.”

Kisha akaniuliza kama bado unapenda viazi vyenye maganda. Nilisema ndiyo. Kaweka vingine pembeni.

Basi linapita Jumamosi. Ukifika mlangoni anza na “Dia dhuit”. Na ukimwona huyo mtoto, Mama, nakusihi, usimsifu kikavu.

Mwanao, profesa,
Fiachra