Mbuzi wa Pole na Vidole vya Amoni

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia kwa siri, maana mume wangu Amoni akijua sijui nitalala wapi. Yeye yuko kwenye mashine ya kukoboa kahawa hapa Mlowo, na msimu ulipochanganya msimamizi wao Timotheo akawaambia watoe kava la mkanda kwa sababu linawachelewesha kila mashine ikikwama, wakatoa, na Amoni ndiye aliyeshika spana, basi siku hiyohiyo mkanda ukamvuta mkono wa kulia, vidole vikasagika, hospitali wakaviondoa. Bosi mwenye kiwanda akaja nyumbani na wazee wa kanisa na mbuzi wa pole, tukaomba, tukala, Amoni akampa mkono wa kushoto akasema yameisha. Sasa tunasikia mkaguzi wa usalama kazini anakuja, kava limerudishwa na kupakwa rangi, na Timotheo anamwambia Amoni sheria itamfunga yeye aliyelifungua, kwa hiyo aseme alijikata na panga shambani, na Amoni amekubali. Nikitaja fidia ananijibu, mbuzi wa watu tumeshamla, unataka tuonekane watu wa namna gani. Naogopa, Shangazi. Akisema kweli atafungwa, akidanganya watoto watakula nini?

Marita, Mlowo

Marahaba, Marita. Pole, na mpe pole baba watoto. Lakini nawe ulikaa ukala ukanyamaza, sasa ndiyo unaogopa.

Mbuzi wa pole ni wa pole. Bosi ameonyesha ubinadamu, mshukuruni. Fidia ni haki ya kisheria, wazee wa kanisa hawawezi kuifuta kwa sala, wala Amoni kwa kusema yameisha. Mashine kuwa na kava ni wajibu wa mwajiri. Mumeo alishika spana kwa amri, na hata kama alikosea, mtu aliyeumia vibaya hivyo kwa kawaida hanyimwi fidia kwa kosa lake. Timotheo anajitetea mwenyewe, nanyi mnamsaidia. Kitakachowaponza ni hilo panga. Amoni akishasema aliumia shambani, basi hakuumia kazini, na hapo nani atamtetea?

Ombeni maelezo ya daktari, kisha nendeni Mbeya kwa afisa kazi kabla mkaguzi hajafika, na mumuulize muda wa kudai msije mkachelewa. Wenzake wa zamu ongeeni nao majumbani kwao, si kiwandani. Amoni akikataa, nenda peke yako. Atanuna, ataenda kula kwa mama yake. Mwache anune. Utaogopa njia nzima mpaka Mbeya, najua. Panda gari hivyohivyo.